Furu Walikuwa Wangapi?

Ukishuka daladala pale Kirumba na kufuata harufu, utafika mwaloni bila kuuliza njia. Huko nilikwenda Jumamosi moja na daftari langu, nikamtafuta mzee mmoja ambaye pale kila mtu anamwita Babu, nikampa shikamoo, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba kichwani wiki nzima.

"Babu, zamani ziwa hili lilikuwa na furu wa aina ngapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ina matone mangapi.

"Furu ni furu, mjukuu wangu."

Nakiri roho iliniuma. Msomaji, wewe unayeandika utanielewa. Makala hii ilikuwa imeshajiandika kichwani mwangu kabla sijapanda ile daladala. Nilitaka Babu anitajie aina arobaini, hamsini, kila moja na jina lake, ili mimi nije hapa nitambe kwamba wazee wetu walikuwa wanajua yote kabla ya wazungu kuleta hadubini zao. Babu akaivunja makala yangu kwa maneno matatu. Nikabaki nimeshika kalamu, nasikiliza wachuuzi wakigombania bei ya dagaa.

Kilichonipeleka kwa Babu ni kitabu. Niliazima kwa rafiki (sijakirudisha, naomba asisome ukurasa huu) kitabu cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyekuja Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuchunguza furu. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1996. Ndani yake mna Mwanza, mna ziwa letu, mna wavuvi wetu, mna samaki ambao mama yangu alikuwa anawatupa. Nilikisoma kwa siku tatu na kila usiku nilikuwa nalala na hasira nisiyoijua ni ya nini. Baadaye ndipo nikaijua. Nimezaliwa hapa, nimeogelea hapa, nimepigwa bakora na mama kwa sababu ya kuogelea hapa, halafu habari kubwa kuliko zote zilizowahi kulipata ziwa hili nikaja kuisoma kwa lugha ya pili, kutoka kwa mtu aliyeiandika kwa lugha ambayo hapa mjini hakuna anayeisema.

Basi nikaamua niiandike. Siyo kitabu, maana sina uwezo. Kurasa chache tu.

Tuanze na samaki mwenyewe. Furu ni wa ukoo mmoja na sato na ngege, ila mdogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Ana mifupa mingi na nyama kidogo. Watu walimkausha juani, wakamla wasio na uwezo wa kununua ngege. Maofisa wa uvuvi wa enzi ya Mwingereza walimwona ni samaki taka, kiumbe anayejaza nyavu bila faida. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1971 shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Jinja, lilizungusha meli ya trola ziwa zima kupima kuna samaki kiasi gani. Jibu likawa kwamba karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya maji ni furu. Yaani ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 68,000, kubwa kuliko yote Afrika, lilikuwa ni ziwa la furu. Hao wengine, akina ngege, kamongo, ningu, hongwe na gogogo, walikuwa wapangaji.

Lakini ni furu gani? Hapo ndipo penye utamu. Huwezi kusema furu anakula nini, kwa sababu kila furu ana chakula chake. Yuko anayeparua mwani juu ya mawe. Yuko anayevunja konokono kwa meno ya kooni, maana furu ana taya mbili, moja mdomoni na nyingine kooni. Mwingine hasumbuki kuvunja, anamng'oa konokono kwenye gamba lake kama sisi tunavyochokonoa uboho. Wako wa kula uduvi, wa kula wadudu, wa kula tope, wa kula samaki wenzao. Yuko anayekwangua magamba ya samaki wengine na kuondoka. Na yuko mmoja ambaye nikimsimulia kijiweni watu wanadhani natunga. Furu jike hatagi mayai akayaacha. Anayabeba mdomoni, na watoto wakishaanguliwa anaendelea kuwabeba humo humo na kuwaficha humo adui akitokea. Sasa yuko furu ambaye kazi yake mjini ni kumvizia mama huyo na kumlazimisha awateme watoto, awale yeye. Hicho ndicho chakula chake, hana kingine.

Wote hawa, mamia ya spishi, wametoka wapi? Waliochimba tope la chini ya ziwa katika miaka ya 1990 waligundua kwamba Ziwa Victoria lilikauka, likawa mbuga ya nyasi, na likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Ikiwa ni hivyo, wengi wa furu hawa wamejitengeneza hapa hapa katika muda huo mfupi. Kwa hesabu ya mageuko ya viumbe, miaka 15,000 ni kama asubuhi ya leo. Hakuna mahali pengine duniani ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika aina nyingi hivyo kwa haraka hivyo. Wataalamu wa Ulaya wanapasema Mwanza kwa heshima kama wenzetu wengine wanavyopasema Olduvai.

Ndiyo maana Waholanzi walikuja. Chuo Kikuu cha Leiden kilikuwa na kikundi cha watu waliopenda mafuvu na taya za samaki, kiongozi wao akiwa Kees Barel. Walitaka kujua inakuwaje kiumbe mmoja anatoa taya za namna mia. Aliyewatangulia katika kuwapa furu majina ya kisayansi alikuwa Mwingereza Humphry Greenwood, aliyekaa Jinja katika miaka ya 1950. Mwaka 1977 Leiden wakaweka timu yao Mwanza, ikajulikana kwa kifupi cha Kiingereza HEST, nao wakashirikiana na wataalamu wetu wa uvuvi, na baadaye na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Frans Witte ndiye aliyeishika kazi hiyo muda mrefu kuliko wote, hadi alipofariki mwaka 2013.

Kazi yenyewe haikuwa ya kifahari. Walichagua mstari unaokata Ghuba ya Mwanza. Ghuba hii ina urefu wa kiasi cha kilometa 60 na upana wa wastani wa 5 hivi. Kwenye mstari huo wakaweka vituo, na mwezi baada ya mwezi wakakokota wavu pale pale, kina kile kile, wakamwaga samaki sitahani na kuanza kuwatenga mmoja mmoja. Rangi ya dume, umbo la kichwa, idadi ya meno. Wengi hawakuwa na jina lolote, ikabidi wapewe majina ya utani ili kazi iende. Halafu fomalini, chupa, sanduku, Leiden. Jaribu kumwazia mtafiti kijana aliyefika na hesabu kwamba ataishi hapa miaka kadhaa, akatenge aina zote, aandike tasnifu yake, arudi kwao daktari. Ziwa limetulia, furu wapo tele, hakuna haraka.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wakati wanatenga furu wao, mgeni alikuwa tayari ziwani.

Sangara si wa kwetu. Kwao ni mto Naili, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Anafika mita mbili na kilo 200. Maofisa wa Kiingereza Uganda walikuwa na wazo ambalo kwenye karatasi linapendeza: kwa nini tuache ziwa lijae samaki taka? Mlete samaki mkubwa, ale taka, ageuke minofu, nasi tule minofu. Wako waliopinga. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba hili ni jambo la hatari na halina kurudi nyuma. Lakini alipokuwa anaandika, sangara walikuwa wameshaingizwa kimya kimya. Mwaka 2005 mtafiti wa Kimarekani, Robert Pringle, alichapisha mazungumzo yake na mfanyakazi wa zamani wa idara iliyohusika na wanyama na samaki Uganda, ambaye alimweleza kwamba yeye mwenyewe alipeleka sangara ziwani mwaka 1954 kwa amri ya wakubwa wake. Mjadala ulikuwa unaendelea ofisini, samaki wanaogelea. Mwaka 1962 wakatiwa rasmi samaki 35 pale Entebbe, mwaka uliofuata mia tatu na ushee, na wachache upande wa Kisumu.

Samaki hana pasipoti. Uhuru ulipatikana, mipaka ikachorwa ramani kwa wino mpya, sangara akashuka kusini taratibu. Kwa miaka karibu 20 hakuna aliyeshtuka. Wavuvi wa Mwanza walimpata mmoja mmoja, wakamshangaa, wakamla.

Halafu akalipuka. Kenya na Uganda walitangulia. Katika Ghuba ya Mwanza ilikuwa kuanzia mwaka 1983 hivi. Wale watafiti na mstari wao wa vituo walijikuta wanashuhudia kitu ambacho hawakukiombea fedha. Walitupa wavu pale walipokuwa wanatupa siku zote, ukarudi na furu nusu. Miezi ikapita, robo. Miezi ikapita, wavu ukapanda na sangara watupu, na ndani ya matumbo ya sangara wale ndimo walimokuwa furu. Katika spishi zaidi ya 120 walizokuwa wamezihesabu kwenye vituo vyao, zipatazo 80 hazikuonekana tena baada ya mwaka 1986. Kwa ziwa zima walikadiria kwamba kati ya spishi zaidi ya 300 zilizokuwa zinafahamika wakati ule, 200 hivi zilitoweka au zilikuwa ukingoni. Siku hizi wengi wanaamini jumla ilikuwa 500 au zaidi, kwa hiyo hata hesabu ya msiba yenyewe haijafungwa. Wengine walikufa hawajapewa jina. Wapo kwenye chupa tu na lile jina la utani.

Hebu fikiria. Unakuja kusoma maktaba kubwa, uko rafu ya tatu, unasikia harufu ya moshi.

Ningeweza kuishia hapa na kumlaumu Mwingereza. Ni rahisi, na kijiweni ingenipatia makofi. Lakini nilipozidi kusoma nilikuta mambo yanayowasha.

La kwanza: furu wa Ghuba ya Mwanza walianza kupungua kabla ya sangara. Mwaka 1973 trola zilianza kuvua hapa, na mwaka 1976 kilianzishwa kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo. Tani 10 hadi 15 kwa siku. Hilo tulilifanya wenyewe, tukiwa huru, tukiwa na nia njema ya kujitegemea. Na lile wazo lilikuwa ni lile lile la Entebbe: furu ni taka, basi tumgeuze kitu. Wakubwa wa mwili walikwisha mapema. Sangara alipofika alikuta kazi imeshaanzwa.

La pili ni maji yenyewe. Kundi la Dirk Verschuren, Mbelgiji, lilisoma matabaka ya tope la chini ya ziwa na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Tope linaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, watu walipoongezeka, misitu ilipofyekwa, mashamba yalipopanuka, na udongo pamoja na majivu ya moto vikaingia ziwani na mbolea yake. Mwani mwingi unakufa, unazama, unaoza, unamaliza oksijeni kule chini. Kwa hiyo furu alibanwa pande zote: juu sangara, chini hakuna hewa. Wataalamu bado wanabishana nani alianza na nani alimaliza. Mimi si mtaalamu, ila nakataa hadithi yenye adui mmoja. Ziwa hili lilikuwa na maadui wa kutosha, na mmoja alikuwa anatia sahihi ofisini hapa hapa mjini.

Sasa nimfikie mama yangu, maana bila yeye makala hii ni ya samaki tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata sangara vilifunguliwa Mwanza. Minofu ikakatwa, ikagandishwa, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki ni kichwa, mgongo na mkia, na vimifupa vilivyosimama wima. Watu wa Mwanza, ambao hawakosi utani hata wakiwa na njaa, wakayaita mapanki, kwa sababu yalifanana na ile mitindo ya nywele ya vijana wa Ulaya. Mama alinunua mapanki kwa ndoo, akayakaanga kwenye karai kubwa, akayauza. Ada yangu ya shule ilitoka humo. Kaka zangu pia. Mabondo yalikuwa biashara ya wenye nazo, mama hakuyagusa.

Kwa hiyo ninapoandika kwamba sangara alimaliza furu, ninaandika kwa kalamu iliyonunuliwa na sangara. Hili watu wa nje hawalioni vizuri. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iliyopigwa hapa Mwanza, ikaonyesha mapanki yenye funza na watoto wa mitaani, ikapata sifa nyingi huko duniani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na mjini watu wakaandamana. Nilimwuliza mama aliionaje. Alisema hajaiona, ila amesikia inasema tulikuwa tunakula uchafu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi yangu nilikuwa naosha mara tatu."

Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wetu mwishoni mwa miaka ya 1990, mara kwa hofu ya vijidudu, mara kwa sababu ya watu kuvua kwa sumu, nyumbani kwetu tulijua siku hiyo hiyo bila redio. Karai lilikuwa limegeuzwa chini juu. Na baadaye mapanki nayo yakapanda bei, kwa sababu wenye viwanda vya chakula cha kuku waliyataka. Ukiangalia vizuri utaona tumezunguka pale pale: mwaka 1976 tunasaga furu kuwapa kuku, miaka ishirini na zaidi baadaye tunasaga mgongo wa aliyemla furu, kuwapa kuku. Kuku wa nchi hii wamekula historia ya ziwa yote.

Je, furu wamekwisha kabisa? Hapana, na sehemu hii naipenda. Katika miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana, baadhi ya furu walianza kurudi, hasa wale wa kula vijidudu vinavyoelea na wale wa kula tope. Lakini hawakurudi kama walivyoondoka. Mmoja ambaye jina lake la kisayansi, pyrrhocephalus, maana yake ni kichwa cha rangi ya moto, alipimwa na akina Witte na kulinganishwa na ndugu zake waliokuwa kwenye chupa tangu kabla ya msiba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: eneo la matamvua yake lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Alijipanua mapafu, tuseme, ili aishi kwenye maji yasiyo na hewa. Chakula nacho kilibadilika, akaanza kula wadudu wakubwa zaidi. Yote hayo kwa miaka kama ishirini. Bila zile chupa za fomalini hakuna mtu ambaye angejua. Mimi niliyekuwa nazichukia zile chupa za Leiden, hapo nilizivulia kofia.

Kuna wengine waliookoka kwenye mawe. Mwanza ni mji wa mawe, hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuona Bismarck Rock hata kwenye kalenda. Mawe hayo yanaendelea chini ya maji, na katikati ya nyufa zake wanaishi furu ambao wavuvi huwaita mbipi. Sangara ni mkubwa, hawezi kuingia ufa. Mtafiti Ole Seehausen aliwafuata mbipi kisiwa kwa kisiwa, na mwaka 1998 yeye na wenzake wakatangaza spishi 15 mpya na jenasi 3. Jenasi moja wakaiita Mbipia. Nyingine Pundamilia. Soma tena: Pundamilia. Liko kwenye majarida ya sayansi ya dunia nzima, neno la Kiswahili, limeandikwa kwa herufi za mlalo kama Kilatini.

Na ndani ya jenasi hiyo yuko mmoja ambaye Witte na mkewe walikuwa wamemwandika mwaka 1985 na kumpa jina la heshima la Rais wa wakati ule. Anaitwa nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Jirani yake, pundamilia mwenyewe, dume lake ni la buluu. Majike yao yanafanana sana. Kinachowatenganisha ni macho: jike la huku linataka mwekundu, jike la kule linataka wa buluu, basi, kila mmoja na nyumba yake. Seehausen alifanya jaribio tangini. Kwenye mwanga mweupe kila jike lilichagua dume la kwao. Akawasha taa ya rangi ya chungwa, ambayo inafuta tofauti ya nyekundu na buluu. Majike yakachagua ovyo. Sasa toka tangini uje ghubani. Maji ya kule kisiwa cha Makobe, kwenye Ghuba ya Speke, ni maangavu, na nyererei na pundamilia wako mbalimbali. Ingia ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni machafu, utakuta wamechanganyika, hata kuna mahali huwezi kusema huyu ni nani. Hakuna aliyewala. Hakuna aliyewavua. Giza tu limewafanya wasionane, na spishi mbili zikaanza kuwa moja.

Hilo lilinikalisha macho kuliko sangara. Sangara ana meno, unamwona. Hili linafanyika kimya, kwa matope kutoka shambani na maji machafu kutoka kwenye mitaa yetu ya milimani, ikiwa ni pamoja na mtaa wangu.

Nilirudi kwa Babu wiki mbili baadaye. Safari hii sikumwuliza idadi. Nilimwuliza alikuwa anavuaje. Ndipo alipofunguka. Akaniambia kuna furu wa usiku na furu wa mchana, huwezi kuwapata wote kwa safari moja. Kuna wa kwenye mawe, hao ni wa watoto wenye ndoano. Kuna wa mchangani, ambao walikuwa wanaingia kwenye kokoro. Kuna wa kina kirefu, ambao ukiwapandisha haraka matumbo yanavimba. Kuna waliokuwa na ladha chungu kidogo, hao mkewe alikuwa anawakausha siku moja zaidi. Kuna waliokuwa na vinywa vimejaa watoto, na hao marehemu baba yake alikuwa anawatikisa kwanza juu ya maji, watoto waanguke, ndipo amtie samaki mtumbwini.

"Kwa nini, Babu?"

"Ungekula na watoto?"

Niliandika kurasa saba. Hakunitajia jina hata moja zaidi ya furu na mbipi.

Jioni nilimwonyesha mama picha ya nyererei kwenye simu. Aliishika mbali, kwa sababu ya macho, akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha.

"Huyu tulikuwa tunacheza naye tukiwa wadogo," alisema. "Kule kwenye mawe. Anaitwa nani?"

"Nyererei."

"Mwalimu?"

"Mwalimu, mama. Walimpa jina lake."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaitazama tena ile picha, safari hii kimya, kwa muda mrefu.

"Na Mwalimu aliambiwa?"